Mimweko ya Gama na Masazo Yake ya Eksirei: Upungufu Haukuwa wa Darubini

Mwanafunzi wa sekondari atajiwapo eksirei hukumbuka hospitali: chumba chenye giza, sahani ya filamu na mfupa uliopasuka. Hana kosa, maana ndivyo afundishwavyo, na ndivyo eksirei zilivyopata sifa yake tangu Röntgen alipozigundua mwaka 1895. Lakini ziko eksirei nyingine ambazo hazikutoka katika mtambo wa mwanadamu yeyote, na historia ya kuzitafuta ina sura mbili zilizofanyika katika pwani ya Afrika Mashariki, ambazo ni nadra kutajwa darasani. Makala haya yahusu hasa sura ya pili, yaani kutafutwa kwa eksirei zinazoachwa na mimweko ya gama. Tena yanatetea rai moja: kwamba kwa muda wa miaka 24 wanafalaki walishindwa kuyapata masazo hayo si kwa uhaba wa darubini kubwa, bali kwa kuwa jicho lionalo upana na jicho lionalo kwa usahihi hayakuwa yamefungwa katika kichwa kimoja.

Jambo lenyewe lilianza kwa siasa. Mwaka 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kukomesha majaribio ya silaha za nyuklia hewani, angani na chini ya maji. Mkataba hauna maana kama haukaguliwi. Kwa hiyo Marekani ikaanza kurusha satalaiti ziitwazo Vela, mbili mbili, zilizozunguka Dunia kwa umbali wa zaidi ya kilomita 100,000. Bomu la nyuklia lilipukapo hutoa miali ya gama, na kazi ya Vela ilikuwa ni kuvizia miali hiyo. Tarehe 2 Julai 1967 vyombo hivyo vikanasa mmweko ambao haukufanana na bomu lolote. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kisha ukatoweka. Wataalamu wa Los Alamos, Ray Klebesadel na Roy Olson, waliutambua miaka miwili baadaye walipokuwa wakipekua kumbukumbu. Hawakukimbilia kutangaza. Walingoja satalaiti bora zaidi, na mwaka 1973 wao pamoja na Ian Strong wakachapisha habari za mimweko 16 iliyonaswa kati ya Julai 1969 na Julai 1972, ambayo haikutoka duniani wala katika Jua.

Hapo ndipo lilipozuka swali: inatoka wapi?

Swali laonekana jepesi, lakini halikuwa jepesi. Miali ya gama haikubali kukusanywa kwa lenzi wala kwa kioo kama nuru ya kawaida, kwa sababu hupenya au humezwa badala ya kugeuka. Chombo cha kupimia gama katika siku zile kiliweza kusema kwamba miali imefika na imefika saa ngapi, lakini kwa shida sana kiliweza kusema imetoka upande gani. Njia iliyosalia ilikuwa ni ile ya kulinganisha nyakati. Tuseme mzinga wa kufuturu umelia, na watu wa kijiji kimoja wameusikia sekunde mbili kabla ya watu wa kijiji cha pili. Ajuaye umbali wa vijiji hivyo na kasi ya sauti aweza kukisia mzinga uko upande gani. Badala ya vijiji weka satalaiti mbili, na badala ya sauti weka nuru iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde.

Walimu wa fizikia na hisabati watapenda kulifanya zoezi hili ubaoni, maana halihitaji zaidi ya hesabu ya kidato cha tatu. Satalaiti mbili zikiwa kilomita 200,000 mbali, na saa zao zikikosea kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, nuru katika muda huo huwa imekwenda kilomita 3,000. Gawanya 3,000 kwa 200,000: kosa la mwelekeo ni radiani 0.015, yaani karibu digrii moja nzima, na huo ni upana wa miezi mipevu miwili ikiwekwa bega kwa bega. Katika eneo kama hilo nyota na galaksi hafifu ni maelfu kwa maelfu. Sasa mpeleke mlinzi mmoja mbali, kilomita milioni 150, kama vyombo vilivyotumwa kwenye sayari ya Zuhura vilivyoweza kuwa. Kosa lile lile la saa latoa radiani 0.00002 tu, yaani elfu moja ya digrii na ushei. Tofauti ni kubwa mno, na imepatikana kwa kurefusha mkono tu, bila ya kukikuza chombo.

Wanafalaki walifanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyombo vya Marekani, vya Umoja wa Kisovieti na vya Ulaya, ambavyo wenyewe walikuwa mahasimu katika mambo mengine, vikaunganishwa katika mtandao wa kupima nyakati. Mahali pa baadhi ya mimweko pakajulikana vizuri. Lakini taarifa za chombo kilicho mbali vile hazikufika siku ile ile. Zilipofika zilihitaji kukusanywa, kusahihishwa na kulinganishwa, na kazi hiyo ilichukua siku nyingi, mara nyingine majuma au miezi. Ndipo darubini za eksirei kama ile iliyoitwa Einstein, iliyorushwa mwaka 1978, na baadaye ROSAT ya mwaka 1990, zilipoelekezwa mahali pale. Hazikuona kitu cha maana. Ilikuwa ni kama mtu afikaye penye nyumba iliyoungua mwezi mmoja baada ya moto akitazamia kuona moshi.

Pasipo ushahidi nadharia huota kama magugu, na katika jambo hili zilizidi 100. Wapo waliosema ni nyota za nyutroni zilizo karibu, katika galaksi yetu. Rai yao ilipata nguvu kwa mmweko wa ajabu wa tarehe 5 Machi 1979, ambao ulielekea kutoka katika mabaki ya nyota iliyolipuka ndani ya Wingu Kubwa la Magellan. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba ule ulikuwa wa jamii nyingine kabisa. Wengine, akiwamo Bohdan Paczyński wa Princeton, walishikilia kwamba mimweko yatoka mbali mno, nje kabisa ya galaksi yetu, na kwa muda mrefu walisikilizwa kwa heshima bila ya kuaminiwa.

Mwezi Aprili 1991 Marekani ilirusha chombo kikubwa cha Compton, chenye vipimio vinane vilivyotazama pande zote za anga kwa pamoja. Kabla hakijateremshwa baharini mwaka 2000 kilikuwa kimehesabu mimweko 2,704, karibu mmoja kila siku, nayo ilitapakaa sawasawa katika anga zima bila ya kujipanga katika ule ukanda wa Njia ya Maziwa. Kama mimweko ingetoka katika nyota za galaksi yetu, ingetazamiwa kurundikana katika ukanda huo. Hata hivyo mabishano hayakwisha. Tarehe 22 Aprili 1995 Paczyński na Donald Lamb walijadiliana mbele ya hadhara mjini Washington, katika kumbukumbu ya miaka 75 ya mjadala mashuhuri wa 1920 juu ya ukubwa wa ulimwengu, na ukumbi ukatawanyika bila ya jibu. Wataalamu waliosoma takwimu zile zile walitofautiana juu ya umbali kwa kadiri ya mara elfu nyingi. Hali hiyo yafaa kuelezwa wazi kwa wanafunzi, ambao vitabu vyao huwapa picha kwamba sayansi ni ghala la majibu yaliyokwisha kutiwa muhuri.

Chombo cha Compton kilitoa habari upesi, katika muda wa sekunde chache, lakini mahali kilipopataja palikuwa na kosa la digrii kadhaa. Mtandao wa vyombo vya mbali ulitaja mahali kwa usahihi mkubwa, lakini kwa kuchelewa. Mmoja alikuwa na mbio bila ya shabaha, na mwingine alikuwa na shabaha bila ya mbio. Darubini kubwa zilikuwapo duniani, na darubini za eksirei zilikuwapo angani. Hakuna iliyojua itazame wapi wakati wa kutazama ungali haujapita.

Chombo cha Kiitalia na kituo cha Malindi

Tarehe 30 Aprili 1996 Italia, ikishirikiana na Uholanzi, ilirusha satalaiti ya eksirei iliyopewa jina la BeppoSAX kwa kumkumbuka mwanafizikia Giuseppe Occhialini, ambaye rafiki zake walimwita Beppo. Haikuwa satalaiti kubwa kupita nyingine, wala haikutengenezwa kwa ajili ya mimweko ya gama hasa. Lakini ilibeba vitu vitatu pamoja. Cha kwanza ni kipimio cha gama, ambacho kwa kweli kilikuwa kuta za kukinga chombo kingine zisiingiwe na miali ya pembeni. Wahandisi waliona kwamba ukuta wa ulinzi waweza pia kuwa mlinzi. Cha pili ni kamera mbili za eksirei zenye kuona eneo pana, zilizotengenezwa Uholanzi. Cha tatu ni darubini za eksirei zenye kuona eneo dogo kwa usikivu mwingi.

Kamera zile pana zastahili maelezo kidogo. Hazikuwa na lenzi. Mbele ya kila kamera paliwekwa bamba lenye maelfu ya vitundu vilivyopangwa kwa utaratibu usiojirudia, na nyuma yake pakawekwa kipimio. Aliyekaa mchana chini ya paa la makuti lililochakaa ameona jinsi vitundu vya paa vinavyotupa vidoa vya mwanga sakafuni, na jinsi vidoa hivyo vyote vinavyosogea kwa pamoja Jua linaposogea. Mwenye ramani ya vitundu aweza kujua Jua liko wapi bila ya kuinua macho. Kompyuta ilifanya hesabu hiyo hiyo kwa vivuli vya eksirei, na ikataja mahali pa mmweko kwa kosa la dakika chache tu za pembe, hali dakika 60 hufanya digrii moja.

Sasa njia ya satalaiti. BeppoSAX ilizunguka kwa urefu wa kilomita 600 hivi, juu ya Ikweta, ikiachana nayo kwa digrii 4 tu. Njia hiyo ilichaguliwa kwa sababu za kifizikia: huko sumaku ya Dunia huzuia sehemu kubwa ya chembe zitokazo angani ambazo zingevuruga vipimio. Lakini ina faida ya pili. Malindi iko karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta, na Waitalia walikuwa na kituo huko tangu miaka ya 1960. Satalaiti iendayo juu ya Ikweta hupita juu ya Malindi katika kila mzunguko, yaani mara 14 au 15 kwa siku. Kila ilipopita iliteremsha taarifa ilizozikusanya, nazo zikapelekwa Roma mara moja kwa njia ya mawasiliano ya satalaiti. Kituo kimoja kikatosha. Kama njia ingekuwa ya kukatiza nchani, kituo kile kile kingeiona satalaiti mara chache tu kwa siku, na saa nyingi zingepotea.

Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Mmweko wa tarehe 20 Julai 1996 uligunduliwa katika kumbukumbu baadaye, na darubini zikaelekezwa mahali pake baada ya zaidi ya mwezi mmoja. Hazikuona masazo. Timu ya Roma ikabadili utaratibu wa kazi, ikaweka watu wa kukesha na kuzikagua taarifa zilipofika tu. Mmweko wa tarehe 11 Januari 1997 ulifikiwa baada ya saa 16, nao haukuacha kitu kilichoonekana waziwazi. Mtu wa tabia ya kukata tamaa angesema kwamba hayo yathibitisha kwamba masazo hayapo.

Tarehe 28 Februari 1997, saa 12 kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, kipimio cha gama kilishituka, na kamera mojawapo ikawa imeelekea huko huko. Baada ya saa 8 hivi darubini za satalaiti zilikuwa zimekwisha geuzwa. Zikaona nyota ya eksirei ambayo haikuwamo katika orodha yoyote. Tarehe 3 Machi zikatazama tena. Nyota ile ilikuwa imefifia kwa kiasi cha mara 20. Kwa mara ya kwanza mmweko wa gama ulikuwa umeonekana ukipoa.

Usiku uliofuata mmweko, darubini ya William Herschel katika kisiwa cha La Palma ilikuwa imepiga picha ya mahali pale kwa maombi ya kundi la Jan van Paradijs wa Amsterdam. Waliofanya sehemu kubwa ya kazi ile walikuwa wanafunzi wake wawili wa shahada ya udaktari, Paul Groot na Titus Galama. Walipolinganisha picha hiyo na nyingine ya tarehe 8 Machi, waliona doa moja la nuru lililokuwapo katika ya kwanza na lisilokuwapo katika ya pili. Kioo cha darubini hiyo, chenye upana wa mita 4.2, kilikuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1987. Kilichokuwa kigeni safari hii kilikuwa ni anwani iliyofika mapema.

Hesabu ya kuchelewa

Msomaji atauliza: je, kuchelewa kidogo kuna madhara makubwa hivyo? Jibu limo katika kipimo chenyewe. Masazo ya mmweko hayazimiki kama taa. Hupungua kwa kanuni ya nguvu ya wakati. Uking'aavu wa ule wa Februari 1997 ulipungua kwa kadiri ya wakati uliopandishwa kwa kipeo cha hasi 1.3. Kati ya saa 8 na saa 84 wakati umeongezeka mara 10.5. Logi ya 10.5 ni 1.02, zidisha kwa 1.3 upate 1.33, tafuta kinyume chake katika majedwali upate 21. Ndiyo yale yale mara 20 yaliyopimwa. Sasa mwanafunzi na afanye hesabu kwa siku 45, ambayo ni saa 1,080: wakati umeongezeka mara 135, na masazo yamepungua karibu mara 600 kuliko yalivyokuwa saa ya nane. Hapo yaeleweka kwa nini mmweko wa Julai 1996 haukuonekana, na kwa nini miaka ya kupekua anga kwa darubini zilizochelewa ilipita bila ya tunda. Kwa kanuni hiyo hiyo, anayefika baada ya dakika moja angetazamia kuona kitu chenye mwangaza mara 3,000 kuliko aliyefika saa ya nane.

Sababu ya kupungua kwa namna hiyo ni kwamba maada iliyorushwa na mlipuko kwa kasi iliyokaribia ile ya nuru hugonga gesi nyembamba iliyoizunguka. Elektroni zilizochapuliwa katika mgongano huo huzunguka katika nyuga za sumaku na kutoa mnururisho. Kadiri wimbi linavyochoka, ndivyo mnururisho unavyoshuka: kwanza eksirei kwa wingi, kisha nuru ya kawaida, kisha mawimbi ya redio ambayo huweza kuendelea kwa miezi. Wananadharia walikuwa wamelitabiri jambo hilo kabla halijaonekana, na hiyo ni sifa yao.

Wako wasemao kwamba ugunduzi wa 1997 ulikuwa ni bahati, kwa sababu kamera zile hazikuona zaidi ya sehemu ndogo ya anga na mmweko ungeweza kutokea kwingine. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli wa mvuvi aliyerudi mtupu akimwambia mwenzake kwamba samaki walimjia tu. Bahati ilikuwa katika mmweko. Utaratibu wa kukesha, kituo kilicho mahali pake, kamera na darubini katika chombo kimoja, na picha iliyoombwa La Palma usiku ule ule, hivyo havikuwa bahati. Tena ushahidi ulikuja upesi. Tarehe 8 Mei mwaka ule ule BeppoSAX ilinasa mmweko mwingine, na siku tatu baadaye darubini ya Keck katika Hawaii ikapima spektra ya masazo yake. Mistari ya magnesi na chuma ilikuwa imesogea kuelekea wekundu kwa kiasi cha 0.835. Nuru ile ilikuwa imesafiri kwa miaka isiyopungua bilioni 7 hivi. Mabishano ya Washington yakapata jibu lake, na Paczyński, ambaye alikuwa amevumilia kwa zaidi ya miaka 10, alikuwa sahihi.

Kwa umbali kama huo mlipuko ulio wa namna hii hutoa katika sekunde chache nishati yenye kukaribiana na ile ambayo Jua litaitoa katika uhai wake wote wa miaka bilioni 10. Tarehe 25 Aprili 1998 mmweko mmoja ukaonekana pamoja na supanova, na tangu hapo ushahidi umezidi kwamba mimweko mirefu ni vifo vya nyota kubwa. Satalaiti ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, ilijengwa juu ya funzo la 1997: iliweza kujigeuza yenyewe na kuelekeza darubini yake ya eksirei mahali pa mmweko kwa muda usiozidi dakika mbili. Taarifa zake nazo ziliteremshwa Malindi. Ikaonyesha kwamba maumbile hayaufuati mstari ulionyoka wa hesabu iliyo hapo juu, kwani katika dakika za mwanzo masazo hushuka kwa ghafula, hutulia, na mara nyingine huwaka upya. Mwalimu asiione habari hiyo kuwa inaharibu somo lake. Ndiyo sehemu bora ya somo.

Limesalia suala la shule zetu. Sura ya kwanza ya pwani iliyotajwa mwanzoni ni ya tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru. Siku hiyo roketi iliondoka katika jukwaa la chuma la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikachukua satalaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa satalaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei peke yake, na ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alipata Nishani ya Nobel mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika kila historia ya fani hii, hali mwanafunzi azungumzaye Kiswahili hamaliza kidato cha nne akijua kwa nini.

Wapo walimu wenye kusema kwamba mambo haya hayamlishi mtu, na kwamba muda wa darasa ni mfupi. Juu ya muda wana haki. Juu ya faida hawana. Kanuni ya vipeo, logi, pembe ndogo katika radiani, kasi ya nuru, sumaku ya Dunia, mzunguko wa satalaiti, yote yamo katika mitaala tayari, lakini yamo yakiwa yametawanyika kama mifupa isiyo na nyama. Mfano mmoja kama huu huyaunganisha, na wala haudai chombo chochote zaidi ya chaki na majedwali ya logi. Jambo la kusikitisha zaidi ni lile la kituo chenyewe. Taarifa zilizomaliza mabishano ya miaka 24 zilishuka katika ardhi ya Malindi, na uchambuzi wake ukafanyika Roma. Katika mkataba wa kituo kinachopokea taarifa, nafasi za wanafunzi wa kuzichambua taarifa hizo zapasa kuwa na uzito sawa na kodi ya ardhi. Kenya iliunda Wakala wake wa Anga mwaka 2017. Vyuo vikuu vya eneo hili vyapaswa kuudai uchambuzi, maana taarifa nyingi za satalaiti za eksirei hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na ujuzi wa kuzisoma. Kizuizi cha fedha ni kidogo kuliko kinavyosemwa. Kizuizi cha ujuzi ni kikubwa, na huanzia sekondari.

Wala kazi haijesha hata iwe ya kusimuliwa tu. Tarehe 17 Agosti 2017 vipimio vya mawimbi ya uvutano vilihisi nyota mbili za nyutroni zikigongana katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na sekunde 1.7 baadaye ukafika mmweko mfupi wa gama. Safari hiyo waliowahi kutazama kwa eksirei hawakuona kitu. Eksirei zilionekana na chombo cha Chandra baada ya siku 9, zikazidi kung'aa kwa miezi mitano hivi kabla ya kufifia, kwa sababu mchirizi wa maada haukuwa umeelekea Dunia moja kwa moja. Na mwezi Januari 2024 China ilirusha chombo kiitwacho Einstein Probe, chenye kuitazama sehemu kubwa ya anga kwa eksirei kwa vioo vilivyoigwa kutoka jicho la kamba wa baharini. Tarehe 15 Machi mwaka huo kilinasa eksirei zilizochomoza dakika kadhaa kabla ya mmweko wa gama ulioambatana nazo. Kwa nusu karne watu walianza na gama wakatafuta eksirei. Sasa yako matukio ya eksirei yasiyo na gama yoyote iliyopimwa, na wanaoyachunguza wanaulizana kama gama haikuwapo kabisa, au ilipita pembeni, au ilikuwa dhaifu mno kwa vipimio vilivyopo.